Sungura, Sukuma na Mama Mkwe: Safu ya Ushauri kwa Wafugaji wa Thika na Ruiru

Safu ya ushauri, kwa desturi yake, hupokea shida za ndoa, za urithi na za mpangaji aliyechelewesha kodi, na huzijibu hadharani kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosana na yeyote. Safu hii imetengewa shida moja tu, ambayo kwa wingi wa barua zake inaelekea kuzipita hizo nyingine kwa uchungu: sungura anayefugwa nyumbani apewe majani gani ya kijani, kwa kiasi gani, na kwa nini jirani asisikilizwe.

Kutosikilizwa kwa jirani kuna sababu yake. Katika Kaunti ya Kiambu sungura amefugwa kwa muda mrefu kama mradi wa watoto, nyumbani na katika vilabu vya 4-K vya shuleni (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), ambavyo serikali ilivizindua upya mwaka 2021, na mradi huo kwa kawaida huishia sufuriani. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi michache, ilhali sungura wa kupendwa, akitunzwa vyema, huweza kuishi miaka 8 hadi 12. Kwa hiyo kasoro ya lishe ambayo huchukua mwaka mzima au zaidi kuleta madhara haionekani kamwe katika kizimba cha jirani, na jirani huyo, ambaye hajasema uongo wowote, huapa kwamba sungura wake wote walikula hivyo hivyo na hakuna aliyeugua. Kweli hawakuugua, hawakupewa nafasi.

Barua zilizoletwa zimefupishwa, majina yameondolewa, na maneno makali kuhusu ukoo wa watu wengine yamelainishwa.

Mkojo wa chokaa, Makongeni

Msomaji wa Makongeni, Thika, anayejitambulisha kama Mlezi Aliyechanganyikiwa, anaeleza kwamba sungura wake amelishwa sukuma wiki pekee tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa mama mboga wa mlangoni humwekea bure majani ya nje ambayo wateja huyakataa. Sasa mkojo wa mnyama huyo umekuwa mweupe kama uliochanganywa na chokaa, na siku moja ulitoka mwekundu, jambo lililomfanya mpangaji wa ghorofa ya juu atamke neno uchawi akiwa kwenye ngazi, mbele ya mashahidi.

Uchawi unaondolewa katika orodha ya visababishi. Mwili wa wanyama wengi, binadamu akiwemo, hufyonza kalsiamu, yaani madini yanayojenga mifupa na meno, kwa kadiri unavyoihitaji, na kuiacha iliyobaki ipite na kinyesi. Mwili wa sungura hufyonza sehemu kubwa ya yote inayoletwa na chakula, kisha huitoa ziada kupitia figo, ndiyo maana mkojo wake huwa na weupe kiasi hata akiwa mzima kabisa. Weupe huo ukizidi hadi ukaacha mashapo mazito kama unga uliolowa, na hasa mnyama akionekana kujikaza anapokojoa, hapo kuna hatari ya mawe kwenye kibofu na daktari wa mifugo anahitajika. Wekundu, kwa upande wake, mara nyingi huletwa na rangi zinazotokana na mimea aliyoila: mkojo uliokolea rangi moja toka mwanzo hadi mwisho kwa kawaida hauna neno, ilhali matone au mabonge ya damu ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida ni dalili ya ugonjwa. Mwenye shaka hapaswi kubahatisha, kwa kuwa daktari hutenganisha mambo hayo mawili kwa kipande cha karatasi ya kupimia katika muda wa dakika chache.

Sukuma wiki yenyewe haina hatia kubwa. Kosa ni kwamba imeachwa peke yake kufanya kazi isiyo yake. Nyasi ndiyo ugali wa sungura na majani ya kijani ndiyo mboga, na hakuna nyumba iliyopata afya kwa kula mboga sinia nzima bila ugali. Meno ya sungura hukua maisha yake yote na husagwa na nyasi ngumu, ambayo hutafunwa kwa mwendo wa taya wa kwenda upande. Utumbo wake nao husukumwa na nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea isiyomeng'enyeka, na nyuzinyuzi hizo zikipungua utumbo huzembea. Kwa hiyo rundo la nyasi kavu linalokaribia ukubwa wa sungura mwenyewe linapaswa kuwa mbele yake kila siku, mchana na usiku. Boma Rhodes, ambayo maduka ya agroveti ya Thika na Ruiru huiuza kwa robota kwa ajili ya ng'ombe, inafaa kabisa, mradi iwe kavu, yenye harufu nzuri na isiyo na ukungu. Alfalfa, jamii ya kunde wanayopewa ng'ombe wa maziwa, imejaa kalsiamu na protini na huachiwa sungura wadogo wanaokua na majike wanaonyonyesha. Baada ya nyasi ndipo huja majani, konzi moja au mbili za mtu mzima kwa siku kulingana na ukubwa wa mnyama, na sukuma inaweza kuwa mojawapo. Mama mboga ashukuriwe, na aombwe majani ya karoti, ambayo wateja wake wengi pia huyakataa.

Mama mkwe na mboga za kienyeji, Kimbo

Mwandishi wa barua ya pili anaishi Kimbo, Ruiru, pamoja na mume, mtoto aliyeletewa sungura kama zawadi, na mama mkwe aliyekuja kwa wiki mbili ambazo bado hazijaisha. Mama mkwe huyo anashikilia kwamba sungura apewe managu, terere na saga, mboga zilizowalea watoto wake wote, na anaona letasi kuwa maji yaliyopakwa rangi. Mwandishi anaomba ushauri kuhusu majani na, katika mstari wa mwisho ambao umekatwa kisha ukaandikwa upya, kuhusu mama mkwe.

Kuhusu letasi, mama mkwe yuko karibu na ukweli: ile ya kichwa cha duara kilichofumbana, yenye majani meupe, ni maji matupu, ingawa letasi ya majani marefu ya kijani iliyokolea inafaa. Lakini kuhusu mboga za kienyeji, suala linahitaji maelezo, kwa sababu mmea ambao hauwezi kukimbia hujilinda kwa kemikali, na mapishi ya binadamu ni mbinu mojawapo ya kuivunja silaha hiyo. Managu, au mnavu, ni wa jamii moja na nyanya na viazi, na huwa na solanini na viambato vya aina yake, sumu chungu ambayo hukolea zaidi katika vitunda vibichi vya kijani. Mpishi huchemsha, humwaga maji ya kwanza na huongeza maziwa, na uchungu hupungua. Sungura hapiki. Managu, pamoja na majani ya nyanya na ya viazi vya mviringo, yabaki jikoni au shambani. Terere, yaani mchicha, hubeba asidi ya oksaliki, kemikali inayoikamata kalsiamu na kutengeneza chembe zinazoweza kuudhi figo zikizidi, na hali ni hiyo hiyo kwa spinachi ya vibandani, ambayo kibotania ni ndugu wa karibu wa bitiruti. Majani machache mara moja au mbili kwa wiki hayadhuru, kapu zima kila siku litadhuru. Saga, au mgagani, ina viambato vya ukali vinavyofanana na vya sukuma na kabichi, ambavyo vikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu huvuruga kazi ya tezi ya shingo.

Hapa ndipo sababu ya kubadilisha majani inapoonekana. Wengi hudhani kwamba aina nyingi hutafutwa ili sungura asichoke na ladha, au ili apate kila vitamini, na hayo yana ukweli wake. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba kila mmea una sumu yake ndogo, na mnyama anayekula aina tatu leo na nyingine tatu kesho hapati yoyote kwa kiwango cha kumdhuru. Orodha za majani salama, ambazo wasomaji huomba kwa bidii, hupotosha kwa kiasi fulani, kwa kuwa jani lililo salama kama sehemu ya mchanganyiko linaweza kukosa usalama likiwa mlo mzima wa mwezi mzima. Aina za kubadilishana zichaguliwe kutoka jamii tofauti: kuhama kutoka sukuma kwenda kabichi, kisha brokoli, si kubadilisha, kwa maana zote ni za ukoo mmoja, na kabichi ndiyo inayoshukiwa zaidi kwa kujaza tumbo gesi.

Mama mkwe asipingwe waziwazi. Majani ya kunde yanafaa kwa kiasi, na majani ya viazi vitamu pamoja na mashina yake laini ni miongoni mwa vyakula bora vya sungura vinavyopatikana Kiambu. Akabidhiwe rasmi wadhifa wa kusimamia viazi vitamu, na inatarajiwa kwamba wadhifa huo utamtosha. Onyo moja tu litolewe kwa heshima zote: majani mapana ya nduma yanayoota kandokando ya vijito yasije yakachanganywa, kwani yana fuwele za oksalati zenye umbo la sindano ambazo huchoma mdomo na koo, na sungura, kwa maumbile yake, hawezi kutapika alichokimeza.

Swali la uzito, mahali pasipotajwa

Msomaji mmoja hana sungura. Anauliza jirani yake anampa wa kwake majani gani, na amefikia uzito gani. Safu imeelewa swali na inakataa kulijibu.

Karoti na siri za usiku, Juja

Mwanafunzi anayeishi karibu na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, katikati ya miji hii miwili, anamfuga sungura katika chumba kimoja bila mwenye nyumba kujua. Humlisha karoti kwa sababu hivyo ndivyo katuni zinavyoonyesha, na amefadhaika kumkuta alfajiri akiinama na kula kinyesi chake mwenyewe moja kwa moja kutoka kinakotokea. Anauliza kama hiyo ni njaa, ukichaa au aibu.

Si mojawapo. Mwanzoni mwa utumbo mpana wa sungura kuna mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambamo bakteria huchachusha chembe laini za chakula na kutengeneza vitamini za kundi B na protini. Lakini mfuko huo uko baada ya utumbo mwembamba, mahali ambapo virutubisho vingi hufyonzwa, kwa hiyo matunda ya kazi hiyo yangepotea kama mnyama asingeyapitisha mdomoni mara ya pili. Huyatoa kwa umbo la vishada vya tembe laini, zenye kung'aa na harufu kali, ambazo ni tofauti kabisa na zile gololi kavu zinazofagiliwa asubuhi, na huzila papo hapo. Kinachopaswa kumfadhaisha mwanafunzi ni kinyume chake: kukuta tembe laini zimeachwa sakafuni au zimeganda kwenye manyoya, kwani hapo pana dalili kwamba chakula kina sukari au wanga mwingi na nyuzinyuzi chache, au kwamba sungura amenenepa hata hawezi kujifikia.

Na chanzo cha sukari hiyo kinajulikana. Mzizi wa karoti ni kitu kitamu, cha kupewa kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba mara chache kwa wiki, huku majani yake yakiwa chakula halisi. Waliochora katuni walimpa sungura sehemu isiyo sahihi ya mmea, na vizazi vya watoto vimeamini. Kuhusu mwenye nyumba, inatosha kusema kwamba robota la Boma Rhodes halipandishwi ngazi kwa siri.

Mashina ya kahawa, Ruiru

Mzee mmoja wa Ruiru, ambaye amebakiza mashina machache ya kahawa baada ya majirani zake kuuza mashamba kwa wajenzi wa maghorofa, anauliza kwa mwandiko mzuri sana kama matawi anayopogoa yanaweza kupewa sungura wa wajukuu, pamoja na majani ya parachichi na ya mforosadi yaliyo kando ya ua.

Kahawa ikataliwe kwa sababu mbili. Majani yake, kama mbegu zake, yana kafeini. Na mashamba ya aina za zamani kama SL28 na SL34 kwa kawaida hupuliziwa dawa za ukungu zenye madini ya shaba, ambayo hayaoshwi kirahisi na mvua moja. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilicho mji huo huo, ilizalishwa ili kustahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na kwa hiyo hupunguza haja ya kupulizia. Hata hivyo kafeini imebaki palepale. Parachichi likataliwe kwa ukali zaidi. Majani yake yana persini, sumu inayoharibu misuli ya moyo na tezi za maziwa, na sungura ni miongoni mwa wanyama walio hatarini; kwa kuwa miti ya Fuerte na Hass imejaa kuanzia Ruiru hadi Murang'a, na majani yake hudondoka ndani ya vizimba bila kualikwa, kizimba kisiwekwe chini ya mti huo.

Mforosadi ni habari njema. Majani yake ni laini, yana protini nyingi, na sungura huyapenda; Thika ni kituo cha kitaifa cha utafiti wa ufugaji wa nondo wa hariri, na kiwavi wa nondo huyo hali kitu kingine isipokuwa majani hayo. Kiwavi huyo hufa haraka akikutana na dawa ya wadudu, kwa hiyo mfugaji wa hariri hathubutu kuipulizia miti yake, na mwenye bahati ya kuwa jirani ya mfugaji wa namna hiyo ana chanzo cha majani safi kuliko mengi yanayopatikana sokoni. Mzee akate matawi membamba mazima mazima, kwani sungura hutafuna na magome.

Magugu ya kando ya barabara, Githurai

Msomaji wa Githurai 45 hana shamba wala senti ya ziada, na kila jioni huchuma magugu kwenye mteremko wa barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Anataja kwa majina ya Kikuyu mucege, yaani kishona nguo, pamoja na mung'ei na mukengeria, na anauliza kama ni chakula au ni umaskini tu.

Ni chakula, tena kizuri. Kishona nguo kikiwa bado kichanga, kabla hakijatoa zile mbegu zinazong'ang'ania suruali, ni jani linalostahili heshima kubwa kuliko letasi ya dukani. Mung'ei ni salama. Mukengeria una maji mengi na hupewa kidogo, ukiwa umeachwa unyauke kivulini. Tatizo si magugu bali mahali. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua kwenye udongo haiondoki kwa tangazo, na vumbi la breki na matairi huongezeka kila siku. Zaidi ya hapo, mbwa wasio na mwenyewe hupita hapo, na kinyesi chao hubeba mayai ya tegu aitwaye Taenia pisiformis, ambayo sungura akiyameza pamoja na nyasi huota malengelenge kwenye ini na ndani ya tumbo. Magugu hayo hayo yanaota katika viwanja visivyojengwa na nyuma ya shule, mbali na magari. Yachumwe huko, mahali ambapo hakuna aliyepulizia dawa ya magugu, na yaoshwe.

Barua hiyo ina nyongeza: rafiki wa msomaji alimpa sungura wake mnanaha, mmea wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, na sungura hakufa. Inawezekana kabisa. Baadhi ya sungura hurithi kimeng'enya kinachoivunja atropini, mojawapo ya sumu za mmea huo, na wengine hawakurithi, na hakuna anayeweza kutofautisha makundi hayo mawili kwa kuwatazama masikio. Mnanaha ung'olewe, na mbarika pia.

Anayetaka dhania tu, Section 9

Barua ya mwisho inatoka Section 9, Thika, kwa mama ambaye sungura wake hukubali dhania peke yake, huku sukuma, majani ya karoti na nanaa vikikanyagwa na kukojolewa. Soko la Madaraka, anaandika, limeanza kumzoea.

Dhania ni jani jema, na sungura anayelipenda hana kosa. Lakini mnyama huyu huamini harufu aliyoizoea, na jani jipya kwake ni jambo la kushukiwa hadi lithibitishwe. Jani jipya lipewe moja tu kwa wakati, kipande kidogo, likiwa limefungwa katikati ya dhania ili lichukue harufu yake, asubuhi, wakati hamu ya kula iko juu. Kisha kinyesi kitazamwe kwa siku moja au mbili kabla ya kuongeza, kwa sababu kikilegea, anayelaumiwa anajulikana, jambo ambalo haliwezekani kwa aliyepewa majani matano mapya kwa mara moja. Sungura wa chini ya majuma 12 asiharakishwe, kwani bakteria wa utumbo wake bado hawajatulia. Mboga zote za sokoni zioshwe kwa maji mengi, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua kama mkulima aliheshimu muda wa kusubiri, yaani siku ambazo lebo ya dawa huagiza zipite kati ya kupulizia na kuvuna. Masalio yaondolewe kabla ya kuchacha, na kitunguu cha majani, ambacho wauzaji hupenda kukifunga pamoja na dhania, kitolewe chote, kwa kuwa jamii ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu.

Ikitokea kwamba sungura huyo amekataa hata dhania, pamoja na nyasi, na hajatoa kinyesi kwa saa 12, basi utumbo wake umesimama. Barua isiandikwe, na mnyama apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.